Kupunga Pepo

Kasokola, Mpanda
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa kaka Siméon,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe pamoja na wifi yangu Emelyne na watoto wote watatu. Naomba Mungu barua hii iwakute mkiwa wazima, na yule ng'ombe wenu mkorofi awe amezaa salama. Sisi huku tunapumua. Shemeji yako Method mgongo unamsumbua kwa sababu ya kirikuu, maana kile kigari cha mizigo kilitengenezwa kwa ajili ya barabara za watu wengine, siyo hizi za kwetu. Mimi nipo na darasa langu la nne, watoto tisini na mbili, na madaftari ya Kiswahili nasahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka vidole vinakufa ganzi. Habari za Mama nitazifikia. Tafadhali usiruke mistari kuzitafuta, nakujua.

Najua unashangaa. Dada yako ana simu ya kugusa, halafu anakuandikia kwa wino kama enzi zile tunasoma kambini Katumba. Nimejaribu kukupigia, kaka, mara tatu. Kila nikisikia umeitika nageuka mjinga, naanza kukuuliza habari za mvua. Na ujumbe wa sauti siwezi, kwa sababu simu yako wanaishika watoto na haya si ya masikio yao. Kwa hiyo Laurence wa duka la nguo anakwenda Kigoma Jumatano, nitampa bahasha, naye atampa mtu wa boti anayefika kwenu Rumonge. Ukiipata, kaa mahali peke yako uisome mpaka mwisho.

Uliniuliza tangu Aprili kama tumepata mahali pengine pa kukutania Julai, na kama Mama ataliona ziwa mwaka huu. Nitalijibu swali lako, ila nitalijibu kwa mpangilio wangu, na wewe utavumilia kama nilivyovumilia maswali yako ya kila Jumapili.

Nianze na Machi. Habari za dhoruba ulizisikia, lakini hukuona. Upepo ulitoka kusini alasiri, mvua ikaja imelala, na mawimbi yakapanda ufukweni mpaka pale ambapo mzee Erasmus, mwenye vibanda vyetu vya kila Julai, alikuwa anaanika mahindi. Unakumbuka miaka hii maji yalivyokuwa yanasogea kidogo kidogo, tukawa tunamtania mzee kwamba siku moja ziwa litakuja kuomba chumba. Basi lilikuja. Asubuhi alinipigia akasema neno moja tu, kwamba hakuna, simu ikakatika. Nilipofika na Method wiki iliyofuata nikaona maana yake. Vibanda vyote sita vimekwenda, jiko limekwenda, lile jiwe pana ambalo Baba alikuwa anakalia kunawa miguu limezama kabisa. Kilichobaki kimesimama ni choo, na mzee Erasmus, pamoja na huzuni zote, akasema hata dhoruba ina adabu zake. Alicheka, halafu akageuka akatupa mgongo muda mrefu, tukamwacha.

Vijiji vingine vya ukanda ule vilipata makubwa zaidi. Walikuwepo wavuvi ambao walikuwa majini upepo ulipoanza. Wengine hawajaonekana mpaka leo.

Nilipomweleza Mama, alikuwa anachambua maharage uani. Aliniuliza kama maji yenyewe bado yapo. Nikamwambia maji ndiyo yaliyobaki, tena mengi. Akasema basi, kama maji yapo, tunatafuta pa kukaa. Akaendelea na maharage yake. Ndivyo alivyo, unamjua.

Wewe mwenyewe unajua zile siku tatu za Julai ni nini kwake, lakini acha niziandike, nataka ziwe mbele yangu ninapokueleza yaliyobaki. Mwaka 1994 Baba alipata tumbaku nzuri kuliko miaka yote, akatupakia sote kwenye lori la chama cha ushirika akatupeleka ziwani, siku tatu, kula samaki wa mikebuka na kulala. Mama alikuwa hajarudi kwenye maji yale tangu alipovushwa usiku ule wa 1972, wakikimbia mauaji ya Burundi, akiwa msichana wa miaka kumi na sita. Tulidhani atalia. Hakulia. Asubuhi aliingia majini mpaka magotini, akavua kitenge cha juu, akakipunga kuelekea kaskazini, kwao, kama mtu anayemuaga jirani aliye ng'ambo ya shamba. Tangu hapo kila mwaka, mahindi yakishaingia ghalani, lazima twende. Na ulipoamua kurudi Burundi mwaka 2009, sisi tukabaki na uraia wetu, pale kwa mzee Erasmus ndipo pakawa pa kukutania, wewe ukija na boti, sisi na lori. Baba alipofariki tukaendelea. Mama alisema hawezi tena kurudi kuishi kule, lakini maji yanayokugusa wewe Rumonge na yeye anataka yamguse.

Na lile neno, kaka. Unakumbuka lilivyoanza? Siku ile ya 1994 jirani yetu mlokole alimuuliza Mama tunakwenda wapi na masufuria. Mama, kwa Kiswahili chake kile cha kuokota shambani, akataka kusema tunakwenda kupunga upepo. Akasema tunakwenda kupunga pepo. Yule mama wa watu alishika kifua. Saa tisa akarudi na wenzake wawili na Biblia, wakamwekea Mama mikono kichwani, wakakemea kwa jasho na machozi, na Mama akawapikia chai akiamini wamekuja kuibariki safari. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyesema vinginevyo. Hata mzee Erasmus, kwenye kitabu chake cha wageni, pale penye sababu ya safari, alikuwa anaandika kwa mkono wake: kupunga pepo. Kila Julai, miaka thelathini. Mimi mwalimu wa Kiswahili, ninayekata maksi za mtoto akikosea herufi moja, neno hilo nililiacha lilivyo kwa sababu lilikuwa la kwetu.

Sasa kutafuta. Likizo ya Pasaka Method alipendekeza ziwa Rukwa, kwa kuwa ana rafiki yake anaitwa Manyanda, mfugaji, anakaa mbele ya Kibaoni, na barabara ya huko ina nafuu. Tukaenda. Manyanda alitupokea vizuri mno, tukanywa maziwa mpaka matumbo yakapiga kelele. Mama aliteremka mpaka kwenye maji, akachota kiganjani, akayaangalia. Akauliza maji haya yanakwenda wapi. Manyanda, kwa majivuno kabisa, akamjibu hayaendi popote, ziwa lao linakaa hapo hapo. Mama akaokota kandambili zake. Alisema pazuri, watu wazuri, lakini maji haya hayamfikii Siméon. Tukarudi.

Ndipo mtu mmoja sokoni akanielekeza kijiji fulani cha ufukwe wa Tanganyika, mbali kidogo na kwa mzee Erasmus. Jina lake nitakuambia tukionana, maana si wote pale ni wabaya na sitaki uwachukie wote kwa jina. Kuna mama anaitwa Specioza, mjane, ana nyumba ya wageni ya vyumba vitatu, juu kidogo, dhoruba haikuifikia. Nilimpigia, akaniambia karibuni. Nikaona tuwahi kupajaribu kabla yenu, ili Mama apatazame mwenyewe. Ijumaa ya tarehe 16 Mei tuliondoka, Method akapitia Sibwesa kushusha mzigo, alasiri tukafika.

Pazuri, kaka. Sitakudanganya. Mchanga msafi, maji ya kijani, miembe michache. Mama alivuta hewa akasema hapa panafaa, Siméon atapapenda. Alikuwa amefurahi hivyo kwa mara ya kwanza tangu Machi. Lakini kijiji kilikuwa kimya. Dagaa walikuwa wameanikwa na hakuna aliyekuwa anaongea juu yao. Specioza alinieleza wakati ananipa ufunguo kwamba dhoruba iliwachukua wanaume kumi na mmoja, na watatu miili haijapatikana, na tangu hapo watu wanaogopa hata kupiga mluzi. Nilimpa pole. Niliisema kama unavyompa pole mtu uliyekutana naye stendi, mawazo yangu yakiwa kwenye vitanda na vyandarua.

Akaniletea kitabu cha wageni nijaze. Unavijua vitabu hivyo: jina, kabila, utokako, sababu ya safari, sahihi. Nikaandika la kwangu. Kwenye kabila nikaandika Mfipa, kabila la Method. Ndivyo ninavyoandika siku zote mahali pageni, kaka, na sikuwahi kukuambia. Nikaandika jina la Mama, na kwenye kabila lake nikapaacha wazi. Na kwenye sababu ya safari mkono wangu ukaandika wenyewe, bila hata kufikiri, lile neno la kwetu. Kupunga pepo. Kwa Mama na Method nikaweka zile alama mbili za kuonyesha ni kama hapo juu. Nilitabasamu nikiandika. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na furaha.

Mama, kama unavyojua, hawezi kuandika zaidi ya jina lake. Kumbuka hilo.

Jumamosi asubuhi akaingia majini kama kawaida yake. Akavua kitenge, akakipunga kaskazini. Mimi nilikuwa barazani nakunywa chai na nikaona wanawake wawili wa dagaa wamesimama kumwangalia. Pale kwa mzee Erasmus watu walikuwa wanampungia na wao, watoto kwa wakubwa. Hawa hawakupunga. Niliona hilo, na nikamimina kikombe cha pili.

Kwenye saa nne upepo ukaja. Method anasema ni ule wa kiangazi wa kila mwaka, na ni kweli, Mei na Juni unavuma, wavuvi wanaujua. Lakini ulikuja ghafla, ukapeperusha dagaa, na boti moja iliyokuwa inarudi ikapinduka karibu kabisa na nchi kavu, watu wanaiona. Walikuwemo watatu. Wawili waliogelea. Wa tatu alikuwa baba wa watoto wanne, na mdogo wake ndiye mmoja wa wale watatu wa Machi ambao hawajapatikana. Walimtoa baada ya muda mrefu. Kilio kilichotoka pale ufukweni, kaka, nakisikia mpaka sasa nikiwa darasani.

Halafu kilio kikanyamaza na tukaanza kusikia miguu. Walikuja kwa Specioza watu thelathini, labda arobaini. Walitaka kujua ni wageni gani amewaweka. Specioza akatoa kitabu, na simlaumu. Mwanamume mmoja akakisoma kwa sauti, pole pole, neno kwa neno, kama watoto wangu wanavyosoma. Alipofika kwenye kupunga pepo akarudia mara mbili. Mmoja wa wale wanawake wa dagaa akasema kwamba ndiyo, yeye amemwona bibi asubuhi, yumo ndani ya maji, anapunga na kitambaa.

Sasa wewe fikiria neno lile masikioni mwa watu wale. Kwao lina ngoma ndani yake, lina mganga, lina mashetani ya kuitwa na kufukuzwa. Kijiji kimezika, hakijamaliza kuzika, anakuja bibi asiyejulikana, kabila lake wazi, anaandika kabisa kwenye kitabu kwamba amekuja kwa kazi ya mapepo, anaingia ziwani anapunga, na upepo unakuja. Hata mimi ningeogopa.

Wakauliza nani kaandika hivi.

Hapa ndipo nilipokuwa nakwepa tangu mstari wa kwanza. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Ningesema ni mimi, huo ni mwandiko wangu, mama yangu hajui kuandika, ni utani wa nyumbani. Ningesema hata kwa sarufi Mama hajakosea, maana upepo ni mmoja na pepo ni nyingi, neno ni lile lile, nalifundisha kila mwaka, nalichora ubaoni. Kiswahili changu ni kizuri, kaka. Nikifungua mdomo hakuna anayejua nimezaliwa kambini. Watu wale wangenisikiliza.

Sikusema kitu.

Mama akatoka ndani ameshika kikombe cha uji. Akawasalimia. Akasema ni miye, ile neno ni ya kwangu. Akalisema na tabasamu, ile sauti yake ya kukaribisha wageni. Siku za kwanza nilijifariji kwamba hakuelewa, kwamba alidhani watacheka kama wa kwa mzee Erasmus. Sijifariji tena. Mama ameshawahi kuona watu wanakuja kwa kundi. Mimi sijawahi. Aliwaona, aliniona na mimi pale mlangoni, akajua mwandiko ni wa nani, akachagua.

Alipofungua mdomo wakasikia lafudhi. Mtu akapiga kelele kwamba huyu mkimbizi, hawa ndio wanaotuletea mabalaa. Vyeti vyetu vya uraia vilikuwa ndani ya mkoba wangu, nimevikumbatia kifuani kama mtoto, na sikuvitoa. Halafu yule mwanamke wa dagaa akanigeukia. Aliniuliza kwa upole kabisa, tena aliniita dada, kama na mimi ni wa kwa huyu bibi.

Nikamwambia mimi ni mke wa dereva.

Ndivyo nilivyosema, kaka Siméon. Mimi ni mke wa dereva. Nikasogea hatua moja pembeni, na Mama akanisikia. Alikuwa karibu nami, ningenyoosha mkono ningemgusa.

Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili lilimpata jicho la kulia. Aliyemrukia akamfunika kwa mwili wake ni Specioza, mtu ambaye hajamjua hata siku mbili, naye akavunjwa kidole. Method alikuwa upande wa pili anaangalia tairi, akaja mbio, na mwenyekiti wa kijiji akafika akipiga filimbi, mtu mzima wa haki, akasimama mbele yao akawaambia watampiga yeye kwanza. Tukampakia Mama kwenye kirikuu, juu ya magunia matupu. Mimi ndiye niliyemshika kichwa njia nzima mpaka hospitalini. Nilikuwa nalia kwa sauti, na yeye, damu inapita kwenye vidole vyangu, ananiambia humura, humura, nisiogope, kama alivyokuwa ananibembeleza nikiwa na surua. Kisha akatuambia cha kusema. Kwamba aliteleza kwenye mawe akienda kuoga. Akasema watu wale wana msiba, na mimi nina kazi ya serikali, na wewe huko una moyo wa haraka. Polisi walipomuuliza akarudia hivyo hivyo, kateleza.

Kwa hiyo nilipokuambia kwenye simu kwamba Mama ameteleza na jicho limeumia kidogo, nilikudanganya mara mbili. Hakuteleza. Na jicho halikuumia kidogo. Limekwisha, kaka, walilitoa siku ya nne. Lile la kushoto unajua lilikuwa na mtoto wa jicho tangu mwaka juzi, tukawa tunangoja. Daktari anasema watajaribu kulisafisha mwezi wa tisa akipata nguvu, hakutoa ahadi. Sasa anaona mwanga na kivuli. Ananijua kwa hatua zangu.

Method hajui nilichosema pale mlangoni. Nilimwambia jana kwamba nakuandikia, hakuniuliza nini. Mama anajua na hajasema. Angenitukana ningeshukuru. Ananiita asubuhi nije nimfunge kitambaa, ananiuliza watoto wa shule wameamkaje, ananiambia nipunguze chumvi. Kila nikimlisha nangoja aniulize. Haulizi. Nimekuandikia wewe kwa sababu lazima awepo mtu mmoja wa damu yetu anayejua na atakayenikasirikia, maana mimi peke yangu nimeshindwa kubeba.

Sasa swali lako. Mahali pamepatikana. Sikupata mimi. Mama mwenyewe alisema, wiki iliyopita, kwamba hataki tena pazuri, anataka panapojulikana. Method akaenda kwa mzee Erasmus. Hakuna ufukwe tena pale, maji yamefika kwenye mizizi, pa kuoga hapapo, boti yako itabidi itie nanga mbali uje kwa mtumbwi. Mzee amepandisha vibanda viwili vya mabati kule juu karibu na choo, basi, na anasema kitanda cha Mama kipo kimoja anakitengeneza kwa mkono wake. Nilimwomba Method amweleze mzee asiandike chochote kwenye kitabu. Mzee alimjibu kwamba kitabu kilikwenda na maji.

Kwa hiyo njoo Julai, tarehe zile zile. Kama baada ya kusoma haya hutaki kuniona, niambie kupitia kwa Laurence, nitampeleka Mama mpaka kwa mzee Erasmus, nitamkabidhi kwako, na nitarudi na gari. Sitalalamika. Lakini njoo, kwa sababu ameshakunja kile kitenge na kukiweka kwenye begi, na ni mwezi mzima bado.

Kuna jambo moja la mwisho, nikuandae usije ukashtuka. Mama halisemi tena lile neno letu. Asubuhi, akidhani nimeshaondoka kwenda shule, anakaa kitandani na kujifundisha. Nilimsikia Alhamisi niliporudia kalamu niliyoisahau. Anaanza na ile herufi ya mbele, anaivuta, anasimama, anarudia, midomo imebana kama mtoto wa darasa la kwanza. Upepo. Kupunga upepo. Tunakwenda kupunga upepo. Miaka sitini na tisa, kaka. Nilisimama nyuma ya mlango na nikashindwa kuingia kuchukua kalamu.

Analisema vizuri sasa. Hakosei hata kidogo. Ukimsikia Julai usimcheke, na usimsifu.

Nisalimie Emelyne, mwambie vile vitenge alivyoagiza, Laurence anavyo. Watoto waambie shangazi yao anawapenda. Umsalimie na mchungaji wenu aliyetuombea wakati wa dhoruba. Mungu awalinde majini na nchi kavu.

Ni mimi mdogo wako,

Odeta,
mtoto wa Séverine